Shajara ya Zigi: kulea chura mchanga wa Amani ndani ya kioo

Septemba, kabla hajafika

Tangi liko tayari juu ya meza ya sebuleni. Taa inawaka asubuhi na kuzimika jioni, vipimajoto viwili vimebandikwa, kimoja juu na kimoja chini, na ndani bado hamna mtu. Binti yangu akitoka shule huuliza, "Baba, leo anakuja?" Namjibu bado. Kwanza hali ya hewa ya humo ndani itulie, kisha mwenyewe aje. Chura mkubwa huweza kuvumilia tangi linalopanda na kushuka joto ovyo. Mtoto wa chura hana akiba mwilini ya kumvusha.

Tunayemsubiri ni *Leptopelis vermiculatus*, chura wa mitini wa milima ya Tanzania. George Albert Boulenger wa Jumba la Makumbusho la Uingereza ndiye aliyemweleza kisayansi mara ya kwanza, mwaka 1909, kwa vielelezo vilivyotoka Amani, Usambara Mashariki. Mimi ni mtu wa Muheza, na Amani iko juu yetu tu, kwenye wilaya hiyohiyo. Nimeishi hapa Leicester, Uingereza, miaka mingi, binti yangu kazaliwa hapa, na tangu aanze kuomba mnyama wa kufuga nilijua kwamba kama ni chura, atakuwa wa kwetu.

Jambo moja nililiweka mbele kabla ya kulipa hata senti. Nilitaka chura aliyezaliwa kwenye tangi la mfugaji, si aliyeokotwa msituni. Kwa miaka mingi vyura hawa walikuwa wakikusanywa usiku Usambara na kusafirishwa Ulaya na Marekani kwenye maboksi, wengine wakifika wamekondeana, wana minyoo, wana vidonda puani kwa kujigonga. Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Aina hii yenyewe imo kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya viumbe walio hatarini kutoweka, kwa sababu misitu yake inapungua. Kwa hiyo nilimwomba mfugaji picha za wazazi, picha za mayai, na tarehe ambayo viluwiluwi vyake vilitoka majini. Alivituma vyote bila kusita, akanieleza na namna alivyowapa wazazi udongo wenye unyevu pembeni ya maji, maana jike wa aina hii hufukia mayai ardhini, na viluwiluwi vikianguliwa hujinyonganyonga hadi majini mvua inaponyesha. Mtu asiyeweza kukuonyesha hayo, nafikiri afadhali usinunue kwake.

Sasa kuhusu joto. Maelezo mengi ya ufugaji niliyosoma yanaanza na neno Afrika na kuishia kwenye taa kali ya joto. Amani iko kama mita 900 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake kwa mwaka inakaribia milimita 2000, na wastani wa joto ni nyuzi 20 na kidogo. Ukitoka Tanga mjini shati limelowa jasho, ukifika Amani jioni unatafuta sweta. Huyu ni chura wa sweta. Nimelenga nyuzi 22 hadi 24 mchana, na usiku 18 au 19. Kitambaa cha joto nimekibandika ubavuni mwa tangi kwa nje, kinaongozwa na thamostati, kifaa kinachokiwasha na kukizima kulingana na joto, na sidhani kama kitafanya kazi sana kabla ya Desemba.

Tangi ni dogo makusudi, sentimita 30 kwa 30 na kimo 45. Mtoto wa chura ukimweka kwenye jumba kubwa chakula kinampotea. Chini hakuna udongo, ni karatasi za jikoni zilizoloweshwa. Wageni wakiona wanasikitika, lakini kwenye karatasi naona kinyesi chake, naona nyenje aliyejificha, na chura hamezi udongo pamoja na chakula. Juu kuna vipande vya magome ya mti vilivyosimamishwa, na ule mmea unaotambaa ambao watu wa Dar huuweka kwenye chupa ya maji dirishani. Majani yake ni mapana na imara, yanabeba chura bila kulalamika.

Oktoba, amefika

Amekuja ndani ya kopo la plastiki lenye matundu na karatasi yenye unyevu, kopo ndani ya boksi lenye kuta nene za kuzuia baridi. Hatukumshika. Tuliweka kopo ndani ya tangi, tukafungua kifuniko, tukazima taa ya sebuleni, tukakaa mbali.

Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Halafu mkono mmoja ukatokea kwenye ukingo wa kopo, vidole vinne, kila kimoja kikiishia kwenye kisahani kidogo cha kunatia. Kikafuata kichwa. Ni kijani cha jani changa, na juu ya kijani hicho kuna michirizi myeusi iliyojikunjakunja. Ubavuni mweusi na mweupe vimechanganyika. Macho ni makubwa kuliko mwili unavyostahili, na mboni zimesimama wima kama za paka. Kutoka ncha ya pua hadi matakoni ana sentimita mbili na nusu.

Jina lilikuwa limeshaamuliwa na binti yangu: Zigi, mto unaoshuka kutoka Usambara Mashariki na kuwapa maji watu wa Tanga.

Oktoba, bado

Siku za mwanzo hakula. Hilo nilishaambiwa na mfugaji, na kwa mnyama aliyesafiri ni jambo la kawaida. Kazi yangu ilikuwa kuacha kumsumbua: kupuliza maji jioni, kuweka nyenje wawili watatu, kuwaondoa asubuhi. Usiwaache nyenje wenye njaa wakilala na chura mchanga. Wanamtafuna ngozi akiwa amelala.

Kipimo cha chakula ni upana kati ya macho yake mawili. Kinachozidi hapo ni kikubwa mno. Kwa Zigi wa sasa maana yake ni nyenje wa milimita tatu, na nzi wa matunda wa ile aina isiyoruka.

Usiku mmoja nikiwa na kurunzi yenye mwanga hafifu nilimwona akila kwa mara ya kwanza. Nyenje alitembea juu ya gome. Zigi akageuza kichwa, akatambaa hatua moja, akatulia. Kidole kimoja cha mguu wa nyuma kilikuwa kinatetemeka. Akaruka, mdomo ukafunga, na hapo nikaona jambo ambalo kila anayefuga chura analijua lakini kuliona ni kitu kingine: macho yote mawili yalizama ndani ya kichwa, yakapotea, yakarudi, yakazama tena. Chura hushusha macho yake ili yasukume chakula kooni. Nilimwita binti yangu kwa mkono, akaja kwa vidole vya miguu, tukasubiri nyenje wa pili. Alipoyaona macho yakizama alinishika mkono kwa nguvu.

Novemba, maji

Nataka kulieleza hili kwa urefu kwa sababu ndilo linaloua vyura wengi majumbani.

Chura hanywi kwa mdomo. Maji huingia kupitia ngozi, hasa ya tumboni na ya mapajani kwa chini, ndiyo maana humkuta amejibana juu ya jani lenye matone au amekaa kwenye bakuli bila kufanya lolote. Anakunywa. Ngozi hiyohiyo inayopitisha maji hupitisha klorini, hupitisha mabaki ya sabuni yaliyo kwenye mikono yetu, hupitisha amonia ya mkojo wake mwenyewe kama bakuli halibadilishwi.

Maji ya bomba ya huku yanatiwa klorini, na sehemu nyingine kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia. Klorini ukiacha maji kwenye ndoo wazi usiku kucha hupungua yenyewe. Kloramini haiondoki hivyo, inakaa. Kwa hiyo tunatumia dawa ya matone inayouzwa kwa ajili ya matangi ya samaki, ile inayotaja kloramini waziwazi kwenye lebo, na maji yanakaa kwenye ndoo yake maalumu yenye alama ya kijani. Ndoo hiyo haijawahi kuguswa na sabuni na haitaguswa. Maji yaliyochujwa hadi yakabaki bila madini yoyote, nayatumia kupulizia kioo tu ili kisifanye chokaa. Bakuli la kukaa halijazwi maji hayo, kwa sababu mwili wa chura unahitaji chumvi zake zibaki ndani.

Bakuli linaoshwa kila siku kwa maji ya moto na brashi, basi. Kina chake hakizidi mabega ya Zigi akiwa amekaa.

Novemba, simu ya Muheza

Jumapili tulimpigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hamjambo huko? Mjukuu wangu ananiambia mmeweka chura ndani ya nyumba."

"Ni kweli mama. Tena ni wa Amani."

"Wa Amani! Kafikaje huko?"

Nikamweleza kwamba huyu kazaliwa hukuhuku, ni kizazi cha wale waliochukuliwa zamani. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mwongozo wowote nilioukuta umelianza: "Sasa mvua yake mnamtolea wapi?"

Nikamwambia tunapuliza maji jioni, kila jioni kiasi kilekile. Mama akasema mvua ya Amani haiji hivyo. Inapiga siku mbili tatu mfululizo, usiku hasa, halafu linakuja jua la asubuhi na majani yanakauka, halafu ukungu wa mlimani, halafu tena. Alipokuwa msichana walikuwa wakipanda kwenda kuchuma iliki, na sauti za vyura walizisikia baada ya mvua ya kwanza kubwa, si kila siku.

Tangu simu hiyo nimebadilisha ratiba. Kuna siku za mvua nyingi, napuliza jioni na tena usiku wa manane kwa pampu ndogo yenye saa. Kuna siku napuliza kidogo tu, na mchana mlango wa matundu ya hewa unakausha majani kabisa. Kipima unyevu kinapanda hadi asilimia 85 alfajiri na kushuka hadi 60 alasiri. Tangi ambalo limelowa saa zote huota kuvu, na chura wake hupata madoa mekundu tumboni. Zigi anatoka mapema zaidi siku za mvua nyingi. Chakula anachokula siku hizo nacho ni kingi zaidi, nimeyaona haya kwenye daftari bila kuyatafuta.

Desemba

Mashine ya kupasha joto nyumba inawaka, hewa ya sebuleni imekuwa kavu hadi midomo yetu inapasuka. Nusu ya wavu wa juu wa tangi nimeifunika kwa kipande cha kioo. Unyevu umerudi mahali pake. Usiku joto linashuka hadi 17 na Zigi yuko sawa, anawinda.

Januari, mifupa

Zigi ana gramu mbili na nusu. Hupimwa Jumapili jioni: kopo lake lile la safari linawekwa juu ya mzani wa vito, mzani unarudishwa sifuri, kopo linasogezwa mbele ya pua yake, anaingia. Hashikwi. Binti yangu ndiye anayeandika tarakimu kwenye daftari na anazichora mstari. Ukipanda polepole bila kukatika, tunafurahi.

Mwezi huu anarefuka miguu, na kipindi hiki ndicho cha hatari kubwa kwa chura mchanga. Mifupa inajengwa haraka, na nyenje ni chakula kibaya kwa mifupa. Fosforasi yake ni nyingi mno kuliko kalsiamu. Chura anayelishwa nyenje watupu huanza kunyang'anya kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe. Taya la chini hulainika na kujikunja, miguu hupinda, vidole hutetemeka akiwa ametulia, na mwisho hawezi kuruka kufuata chakula. Mara nyingi dalili zinaonekana wakati madhara yameshafika mbali.

Tunafanya mambo matatu. La kwanza ni unga wa kalsiamu wenye vitamini D3. Nyenje wanawekwa kwenye kopo, unga kidogo, kopo linatikiswa taratibu hadi wawe weupe, wanaingia tangini papo hapo kabla hawajajisafisha. Kwa umri wake anapata kalsiamu karibu kila mlo. Mara moja kwa wiki unga unabadilishwa na wa vitamini nyingi, na hapo nimesoma lebo kwa makini. Natafuta retinoli, yaani vitamini A iliyo kamili. Karoti ina rangi ya njano ambayo sisi miili yetu huigeuza kuwa vitamini A, ila vyura wengi hawaonekani kuimudu kazi hiyo vizuri. Chura anayekosa vitamini A hushindwa hata kunatisha mdudu kwenye ulimi, anapiga ulimi na kukosa, watu wakidhani haoni. Na unga huu ukishafunguliwa nguvu zake hupungua, kwa hiyo kopo limeandikwa tarehe, na baada ya miezi sita linakwenda takatakani hata kama limejaa.

La pili, nyenje wenyewe wanalishwa. Boga, karoti, sukuma wiki na pumba, siku nzima kabla ya kuliwa. Nyenje aliyekaa kwenye kopo la dukani bila chakula ni ganda tupu. Binti yangu ndiye mpishi wao, na boga la nyumbani sasa linakatwa mafungu mawili.

La tatu ni taa ndogo yenye mionzi ya urujuanimno, ya nguvu ya chini kabisa. Wapo wanaosema chura wa usiku haihitaji. Zigi hulala mchana juu ya jani, wazi, mara nyingine nusu ya mgongo ikiwa kwenye mwanga, na chura anayelala hivyo msituni anapata mwanga uliochujwa na majani siku nzima. Nimeiweka upande mmoja, upande wa pili una kivuli kizito, achague mwenyewe. Anachagua mpaka wa mwanga na kivuli.

Februari

Hakuna jipya, na kwa mtoto wa chura hiyo ni habari njema. Nyenje sasa ni wa milimita tano.

Machi, mstari umesimama

Uzito haupandi. Anakula, macho yako wazi, anaruka, lakini wiki hii ni uleule wa wiki iliyopita na ile ya kabla. Mfupa wa kiuno umeanza kuonekana.

Nilipata daktari wa wanyama anayeshughulika na vyura na mijusi, hawako wengi. Aliomba kitu kimoja tu kabla hata ya kumwona Zigi: kinyesi kibichi, cha usiku huohuo, ndani ya kichupa chenye tone la maji ili kisikauke. Karatasi za jikoni zilinilipa fadhila hapo, maana kwenye udongo ningekipata wapi?

Chini ya hadubini kulikuwa na mayai ya minyoo, si mengi. Daktari alinieleza kwamba minyoo michache chura huishi nayo, ila kwenye tangi dogo mayai hayana pa kwenda, hurudi mdomoni pamoja na chakula, na idadi inapanda mzunguko baada ya mzunguko. Kwa mwili wa gramu tatu haihitaji kupanda sana. Alipima dawa mwenyewe kwa uzito wa siku hiyo na kuidondoshea mgongoni, ikapita kwenye ngozi. Mtu asijaribu kukisia dawa ya chura nyumbani. Tone linalomtibu mmoja linamuua mwenzake aliye mdogo kwa gramu moja.

Kazi kubwa ikabaki kwetu. Karatasi zinabadilishwa kila siku, magome yamechemshwa, mmea umeng'olewa na kuoshwa mizizi, na nyenje wanaletwa mmoja mmoja kwa kibano chenye ncha laini ili wasitembee kwenye uchafu. Zigi alijifunza kibano haraka kuliko nilivyotarajia. Anakuja.

Aprili, mstari umepanda, na habari za Kihansi

Gramu nne. Kinyesi cha pili hakikuwa na mayai.

Daktari alichukua pia sampuli ya ngozi kwa pamba ili kupima kuvu anayeitwa *Batrachochytrium dendrobatidis*, na majibu yamekuja safi. Binti yangu aliuliza kuvu huyo ni nani hadi anaogopwa hivyo, nikaona nimsimulie habari za Kihansi.

Kihansi ni korongo kwenye milima ya Udzungwa. Kwenye vinyunyu vya maporomoko yake waliishi vyura wadogo wa njano ambao hawapo popote pengine duniani, na hawatagi mayai, wanazaa watoto waliokwisha kuwa vyura. Mto ulipogeuzwa kwa ajili ya umeme vinyunyu vilikauka. Mwishoni mwa mwaka 2000 wakachukuliwa karibu 500 na kupelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani. Huko miaka ya mwanzo ilikuwa ya vilio, wakabaki makumi tu, maana hakuna aliyejua kuwalisha na kuwalowesha inavyopasa. Wakati huohuo, mwaka 2003, kuvu huyu alikutwa korongoni, na vyura waliobaki huko wakatoweka. Mwaka 2009 IUCN iliwatangaza kuwa wametoweka porini. Waliookoka ni wale wa kwenye vioo vya Bronx na Toledo, ambao watunzaji wao walikuwa wamejifunza hatua kwa hatua maji, mwanga, wadudu na vitamini. Mwaka 2010 kundi la kwanza likarudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 vyura wakaachiwa tena kwenye korongo lao, ambako vinyunyu sasa vinatengenezwa kwa mabomba.

Binti yangu alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kwa hiyo mtu mmoja aliandika kwenye daftari kama letu?" Nikamwambia ndiyo, wengi waliandika, kila siku.

Kuvu huyu husambazwa na maji na mikono. Bustani za jirani hapa zina vidimbwi vyenye vyura wa Kiingereza. Kwa hiyo maji machafu ya Zigi hayamwagwi bustanini hata tone. Yanatiwa jiki, yanakaa, kisha yanakwenda chooni. Karatasi na majani yaliyokufa yanafungwa kwenye mfuko na kutupwa na taka za nyumba. Na hatutamwachia Zigi nje kamwe, hata ikitokea siku hatuwezi kuendelea naye. Atatafutiwa mlezi.

Mikono inanawishwa kabla na baada. Kabla ni kwa ajili yake, kwa maji tu, tena mengi. Baada ni kwa ajili yetu, kwa sabuni, maana vyura hubeba bakteria wa salmonela bila kuumwa. Mdogo wake binti yangu ana miaka mitatu, kwa hiyo anatazama akiwa amepakatwa.

Juni

Leo amebadilisha ngozi mbele yetu. Alianza kwa kujikunja mgongo na kupiga miayo, mara kwa mara, hadi binti yangu akadhani anaumwa. Kisha akaanza kujipangusa kwa miguu ya nyuma, kutoka kiunoni kuja mbele, na ngozi nyembamba inayong'aa ikawa inakusanyika pembeni mwa mdomo. Anaivuta na kuimeza. Macho yanazama, yanarudi. Alipomaliza rangi ilikuwa mbichi kabisa, michirizi imekolea.

Julai, joto

Hapa ndipo watu wanaofuga vyura wa milimani hupata shida, kiangazi cha Ulaya. Nyumba za huku zimejengwa kuhifadhi joto. Saa tisa alasiri sebule yetu ilifika 29, na Zigi alikuwa ameshuka chini kabisa ya tangi, amejibana kwenye bakuli, koo likipiga haraka.

Tangi limehamia chumba cha chini upande wa kaskazini. Taa imepunguzwa saa. Chupa za maji zilizogandishwa zinasimamishwa nje ya kioo, si ndani, na feni ndogo inapuliza hewa juu ya wavu huku tukipuliza maji mara nyingi zaidi. Maji yanapovukiza hupoza. Barafu ndani ya tangi sikubaliani nayo, chura anaweza kuikalia. Kwa njia hii tumebaki chini ya 25 hata siku mbaya, na usiku tunafungua dirisha hewa ya nje iingie.

Hali yake ilirudi jioni ileile ya kwanza. Alikula.

Agosti

Sentimita nne na nusu. Gramu nane. Kiuno kimejaa, taya ni gumu na limenyooka, anaruka kutoka gome hadi kioo bila kuteleza. Mfugaji amemwona kwenye picha na kusema yuko mbele kidogo ya ndugu zake.

Rangi imeanza kubadilika. Mgongoni kijani kinafifia na hudhurungi inaingia kuanzia kichwani, na pembetatu nyeusi imeanza kuonekana nyuma ya macho. Wakubwa wa aina hii wako wa namna mbili, wengine hubaki kijani chenye michirizi na wengine hugeuka hudhurungi, na Zigi anaelekea huko. Binti yangu alihuzunika siku mbili, sasa anapiga picha kila Jumapili mahali palepale ili aone inavyokwenda.

Dume au jike bado hatujajua. Madume huishia kwenye sentimita nne au tano, majike hufika nane na zaidi, kwa hiyo miezi ijayo itasema yenyewe, au ataita usiku na kutupa jibu.

Tangi la pili limeshaanza kukaa tupu na taa yake, sentimita 45 kwa 45 na kimo 60. Sasa chini kuna udongo, maana wakubwa hupenda kuchimba na kujifukia wakati wa ukavu. Nimechanganya makumbi ya nazi yaliyosagwa, mboji isiyo na mbolea na majani makavu ya mwaloni, kina cha sentimita kumi, juu yake wametangulizwa vijidudu weupe wanaokula kuvu na kinyesi. Udongo ukibanwa mkononi unashikamana bila kuchuruzika. Kinyesi cha mwisho kitapimwa Jumatatu. Kikiwa safi, anahama wiki hiyohiyo, akiwa ndani ya kopo lake, jioni baada ya kupuliza maji, na kwa mwezi wa kwanza ataendelea kulishwa kwa kibano ili tujue kwa hakika anakula ngapi.